Heshima ya Mchungaji Zakaria

Gitega, Burundi, Jumatatu, 2 Julai 2001

Nimefagia kanisa la chuo. Mazoezi ya kwaya. Sauti ya pili bado mbovu. Maharage mchana. Vumbi kila mahali, hadi ndani ya Biblia.

Baada ya chakula mkuu wa chuo chetu cha uchungaji aliniita. Siku ya mahafali, pamoja na kutupatia diplome zetu za kumaliza, chuo kitawaheshimu viongozi waliookoa watu vita vilipoanza mwaka 1993. Muuguzi wa Nyarusange. Mzee mmoja wa Bugendana. Na Mchungaji Zakaria, wa kilima chetu, yaani kijiji chetu, upande wa Makebuko. Kila mmoja atasemewa shukrani na mwanafunzi. Mimi nimepewa Zakaria kwa kuwa ni mtu wa kwetu.

Nikasema ndiyo, mkuu. Nikatoka.

Zakaria alimfungia dada yangu mlango.

Jumatano, 4 Julai

Ninachojua ni kidogo. Vita vilipoanza nilikuwa Kigoma, kwa mjomba, nasoma. Dada Perusi alikuwa kilimani na mtoto wake mchanga. Baadaye jirani aliyekimbilia kambini Tanzania alinipa sentensi moja tu: Perusi alibisha kanisani, hakufunguliwa. Mtoto hakupona. Tangu nirudi nimeonana na dada mara nyingi. Tunaongea habari za nguo, malaria, mvua. Hilo hatuligusi.

Lingine ninalojua. Zakaria aliwajaza watu kanisani hadi madhabahuni. Wauaji walipokuja alisimama mlangoni na joho lake, akasema waanze na yeye. Wakaondoka. Ni kweli tupu. Fideli, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa humo ndani na mama yake, bado mtoto wa shule. Leo alikuwa anapiga pasi shati la mahafali huku anaimba.

Nilimchukia Fideli. Naandika kama ilivyo.

Ijumaa, 6 Julai

Nimeomba mtu mwingine aseme. Mkuu amekataa. Anasema nchi imechoka kusikia maovu, siku hiyo watu wapewe mema. Sikumweleza sababu. Ningemwelezaje, wakati mwenyewe siijui vizuri?

Kesho Muyinga, kwa dada. Kuna Mkongo anapeleka sabuni kwa lori, amekubali kunipakia. Wanasema barabara ya Karuzi si nzuri wiki hii. Naenda tu.

Muyinga, Jumamosi, 7 Julai

Barieri nyingi, vizuizi vya askari barabarani. Kwenye moja askari walitushusha, wakafungua katoni zote. Mmoja akaniuliza kilima changu. Nikamtajia. Akanitazama sana. Kisha akapiga bati la lori kwa kiganja, tukaondoka.

Dada anaishi kwa Mama Zaituni, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni. Walijuana Gitega mwaka ule wa kwanza wa vita. Duka la mumewe lilipochomwa wakahamia huku, wakaja naye. Mama Zaituni humwita "binti yangu", na mtu akishangaa anamwacha ashangae. Perusi anashona barazani. Amekonda. Tumekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Nimeshindwa kuuliza.

Jumapili, 8 Julai

Sikwenda ibadani. Nimemuuliza akiwa kwenye cherehani. Alisimulia bila kusimamisha mguu mpaka alipofika katikati ya habari.

Ilikuwa usiku wa mvua. Mtoto alikuwa anakohoa na kulia. Zakaria alifungua kidogo, akamtambua kabisa. Akasema ndani kumejaa na mtoto huyu atawaleta wauaji, watakufa wote. Akafunga. Perusi akashika njia ya Gitega kwa kupitia migombani. Mtoto alinyamaza njiani. Alidhani amelala.

Mama Zaituni alimkuta asubuhi karibu na msikiti, amekaa kwenye tope, hataki kumtoa mtoto kifuani. Akakaa naye hapohapo mpaka akamtoa. Wakamwosha, wakamzika makaburini kwao. Hakuna aliyeuliza ni wa dini gani.

Nikamweleza kazi niliyopewa ya mahafali, nikasema sitamsifu mtu yule. Nitamkataa mbele ya watu wote. Nilisema maneno mengi mabaya, hata juu ya Fideli. Perusi aliniacha nimalize, kisha akauliza:

"Huyo Fideli wako alikuwa ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa nifanye nini, mdogo wangu? Nitamani naye angekufa?"

Akasema nikisimama pale niseme yote, yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Jina lake niliache. La mtoto nilitaje. Yeye haji.

Mama Zaituni alikuwa anachambua mchele, nikadhani hasikii. Akasema bila kuinua kichwa: "Mi diplome zenu sizijue. Lakini kama munamuheshimu pasteri, na mutoto mumuheshimu. Na yeye alikuwaka mutu."

Karuzi, Jumatano, 11 Julai

Tumekwama tukiwa njiani kurudi. Risasi mbele, hakuna gari linaloruhusiwa kupita. Tumelala chini ya lori. Naogopa kufa, na naogopa kufika.

Gitega, Jumatatu, 16 Julai

Nilifika Ijumaa, mzima. Leo nimekwenda kwa miguu hadi kwa Zakaria. Sikutaka ayasikie kwanza mbele ya umati. Au nilitaka nimwone akiyasikia. Sijui.

Amezeeka. Alikuwa anapura maharage uani, akafurahi kuniona, akaagiza niletewe kiti. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Perusi. Fimbo ikabaki mkononi. Akasema kila mwaka alikuwa akiuliza, na watu walimwambia walivuka wote wawili, mama na mtoto, wako Tanzania. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo.

Nikamwambia mtoto alikufa usiku uleule, njiani.

Akakaa chini kwenye maganda. Kisha akasema niwaambie chuoni kwamba ni mgonjwa, hatakuja.

Nilikuwa nimengoja neno hilo wiki mbili. Lilipokuja halikunifurahisha. Nikasema, "Njoo, mchungaji. Watu uliowafungulia wanakungoja. Na mimi nitasema yote." Nikaondoka bila kugusa kiti.

Ijumaa, 20 Julai

Majoho yamefika, langu fupi. Turubai limefungwa, viti vimepangwa. Sijalala vizuri. Fideli ameniuliza kama naumwa. Nimesema hapana, kwa ukali. Nimekula kidogo.

Jumamosi, 21 Julai

Zakaria alikuja. Koti la zamani, viatu vimepakwa rangi.

Muuguzi alisemewa, akapigiwa makofi. Mzee wa Bugendana vilevile. Kisha mimi. Nikasema juu ya kanisa lililojaa, joho mlangoni, maneno aliyowaambia wauaji. Makofi, vigelegele, mama yake Fideli amesimama. Nikangoja wakae. Nikasema mlango huo ulifungwa pia. Nikasema juu ya mama mmoja, mvua, mtoto anayekohoa. Nikasema aliyempokea ni mama wa Kiislamu wa mji huu, naye hayumo kati ya walioitwa leo. Mkuu wa chuo alitazama viatu vyake.

Zakaria akainuka kabla hajaitwa. Alikuja polepole hadi kwenye kipaza sauti. Nilidhani atajitetea. Akaniuliza mimi, watu wote wakisikia:

"Mtoto aliitwa nani?"

"Yoshua."

Akalirudia jina. Akasema, "Nilimwogopa. Mlango niliufunga mimi." Akarudi kukaa. Kitenge cha heshima walikiweka mapajani mwake, hakukikunjua. Kwaya ikaingia mapema mno. Nikapewa diplome. Mkuu hakunipa mkono.

Jumapili, 22 Julai

Bweni limekuwa tupu, wengi wameondoka na ndugu zao. Mkuu ameniita asubuhi. Hakufoka. Amesema nitatafutiwa kanisa mbali na kwetu, labda itakuwa nafuu kwa wote. Nimekubali.

Fideli alikuwa hajaniongelesha tangu jana. Mchana nilikuwa nafunga vitabu kwa kamba, akaja akakaa kwenye kitanda changu. Akasema walimsikia. Humo kanisani, wote walimsikia yule mtoto akilia nje, kisha mbali, kisha mbali zaidi. Mama yake alimziba masikio lakini alisikia.

"Alipoacha kusikika," akasema, "tulimshukuru Mungu."

Nikaacha kamba. Nilitafuta ile chuki ya karibu wiki tatu, sikuiona. Palikuwa na uchovu tu. Nikamsogezea kopo la chai, akanywa nusu, akanirudishia. Tukakaa hivyo. Nje mtu alikuwa anang'oa turubai.