Moyo chini ya khanga

Devota we, upo? Nimejifungia stoo ya darasa la kompyuta, nacheka huku nalia.

Unaujua ule moyo wangu wa Flash, mchoro wa kwenye kompyuta unaodunda na damu inapita, ninaofundishia biolojia? Leo wazazi wa hapa Ngamiani walikuja kuuona. Basi mimi jana, kama mtu anayedeki nyumba kwa ajili ya wageni, nikazipiga apdeti kompyuta zote. Linux mpya, kivinjari kipya, kila kitu kinang'aa!

Moja tu ilikataa apdeti, ile kuukuu ya pembeni. Nikaifunika khanga kwa aibu.

Wageni wamekaa. Nabonyeza. Kiboksi cha kijivu! Nahamia nyingine. Kijivu!! Kumbe vivinjari vipya havitaki tena Flash, ile programu ya zamani inayouchezesha moyo, na usafi wangu wote umeifagilia mbali. Mimi, Devota, niliyekuwa nawacheka wanaoogopa apdeti!

Bi Time, bibi yake mwanafunzi wangu Maulid, akauliza kwa upole: "Mwanangu, huo moyo ndio umesimama?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara akainuka mwenyewe, akaivuta ile khanga. "Na huyu je?"

Nikaiwasha, nikabonyeza. UKADUNDA! Devota, ukadunda! Kina mama vigelegele kama wamemwona bibi harusi.

Ndipo Bi Time akanigeukia, macho makavu: "Mwalimu Khairiya, mbona aliye hai umemfunika, ukatuitia maiti?"