Zamu ya Melkiory

Karagwe, 4 Juni 2024

Mjukuu wangu Evelyn,

Huko India unakosomea uuguzi, unakula ukashiba? Mimi mgongo unauma, mdomo mzima. Anayeandika ni jirani yetu Avelina, nimemkataza kunipamba.

Sikia. Melkiory, mwenyekiti wa kitongoji, alitangaza msaragambo wa barabara, kila kaya itoke kuchimba. Wajane tukabeba majembe. Kufika, anatupeleka shambani kwake tumchumie kahawa! Eti wasio na hela ya mchango wailipe kwa mikono. Nikamwambia, "Wewe nilikuona ukitembea bila kaptula, leo nikuchumie?" Nikarudi nyumbani. Jioni mgambo akabeba mbuzi wangu mwenye mimba. Nisipochuma, simpati.

Sichumi.

Bibi yako

Pune, 9 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, nashiba. Pole na mgongo. Pole zaidi na mbuzi.

Leo Jumapili tulikwenda makumbusho. Mama anayetembeza wageni alisema wafalme wa zamani wa huku walitoza kodi ya jasho: asiye na nafaka ya kutoa, anatoa mikono. Wake za wakulima waliitwa kwa mkuu wa kijiji kujaza ghala lake, kufagia, kusokota pamba, bure. Nikakuona wewe. Nikauliza, hao wanawake walisemaje? Akajibu, hawakuacha maandishi.

Bibi, nakuomba, chuma siku moja tu mbuzi arudi. Uko peke yako, nami niko mbali.

Mjukuu wako, Evelyn

Karagwe, 21 Juni 2024

Evelyn mama,

Umeamkaje? Mimi nimeamka nikicheka.

Nimekusikia, nimechuma. Alhamisi ya wiki jana tulikwenda wajane wote, tukachuma mpaka jua la kichwani. Halafu tukaketi uani kwake. Nikamwita mke wake: "Joyness, weka sufuria, wasaidizi tuna njaa."

Melkiory akatoka mbio. "Msaada gani? Hii ni kodi!"

"Kodi inachimba barabara," nikamwambia. "Ukituita kwenye kahawa yako, umeomba msaada. Hapa kwetu anayesaidiwa anapika, kisha naye anakwenda kwa waliomsaidia, zamu kwa zamu. Kesho ni kwa mjane mwenzetu Sperancia. Njoo na jembe."

Joyness akainama kuficha kicheko, akaanza kumenya ndizi. Tukala mpaka ukoko. Wapita njia walisimama wakitutazama.

Kesho yake Melkiory hakutokea. Basi Alhamisi iliyofuata nasi hatukutokea kwake. Kahawa yake inaiva, inadondoka. Mbuzi bado anaye, eti mpaka kahawa yote iishe.

Na huyo mama wa makumbusho mwambie wanawake wale walisema. Aliyekuwa akiandika ndiye mwenye ghala.

Bibi yako

Pune, 2 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

U mzima kweli? Siku zote hizi kimya. Avelina hapokei simu. Wamekufanya nini? Achana na huyo mbuzi, nitakununulia mwingine. Nijibu hata neno moja.

Evelyn

Karagwe, 6 Julai 2024

Evelyn,

Mzima. Avelina alikuwa kwao Nkwenda, angekuandikia nani?

Jana Melkiory alikuja mwenyewe mchana, kila mtu akimwona, anavuta mbuzi. "Bibi, waambie warudi, kahawa inaoza."

"Zamu yako ilikuwa kwa Sperancia," nikasema.

Alikwenda. Analima vibaya, anakata mizizi ya migomba. Sperancia amemrudisha aanze upya. Jumatatu yuko kwa Avelina. Keshokutwa yake yuko kwangu, na shamba langu lina mawe.

Avelina anataka nimalizie kwa kukwambia usiogope. Sikwambii. Ogopa unavyotaka. Ila usinitume tena kuchuma.

Bibi yako