Karoti Mbichi za Maman Emérence

Xavier, soma hii barua halafu uichane. Rafiki yako Donatien amemupotezesha baba yake karte. Kwa karoti!

Leo wazungu wawili wa serikali, Madame na Monsieur, walifika kwao Bagira kuangalia kama Papa Edouard, baba yake, anaishi kistaarabu, apewe karte ya serikali ya kuhesabiwa mustaarabu kama wazungu. Maman Emérence alitaka kupika kuku. Donatien, msomi wetu anayelala internat, kwenye shule ya mapadri, akamukataza: "Maman, mapadri wanakula karoti na kabichi mbichi, wanachovya mu mayonezi." Maskini akapiga mayai na mafuta mpaka mukono ukafa ganzi.

Madame akaangalia sahani. Akaiangalia tena. "Andika, Monsieur: hawa wangali wanakula vitu vibichi."

Vibichi, Xavier! Na yeye mwenyewe anatafuna! Alichovya karoti sita!

Papa akajaribu: "Madame, si ni kama kwenu?"

"Kwetu ni kwetu," akajibu, akapangusa mayonezi mudomoni.

Walipoondoka, Papa alimugeukia maman: "Miaka ine nangoja, na wewe unanirudisha porini! Nani alikufundisha upuuzi huu?"

Maman alimuangalia mutoto wake, akainamisha kichwa. "Ni mimi peke yangu."

Donatien akachukua karoti iliyobaki, akaitafuna polepole sana, ili kinywa kisipate nafasi ya kusema.