Sauti ya Kiitikio cha Pili

Jumatano, 7 Juni

Singo imetoka leo. "Bado Juni", ya Aizawa Rinka. Nimefunga duka langu la dobi mapema nikamfuata binti yangu Tsumugi kwenye duka la muziki, Sannomiya, hapa Kobe. Alikuwa ameikumbatia CD kifuani, bado na sare ya shule. Miaka kumi na mitatu, na huyo Rinka ndiye dunia yake yote.

Hajui kwamba wimbo huu niliuimba mimi kwanza. Januari, studio ya Bwana Nishiwaki, Osaka. Wimbo wa mfano tu — naimba, mwenye wimbo anasikiliza ajifunze, kisha sauti yangu inafutwa. Miaka tisa nafanya hivyo siku za mapumziko. Nimetia saini kutosema.

Tumeitazama video hadi wali ukapoa. Rinka peke yake ndani ya bwawa la shule lisilo na maji, koti la mvua la njano, mwavuli mkononi. Vizuri sana. Halafu kiitikio cha pili, pale sauti inapopanda juu kabisa — nikaacha kuosha bakuli.

Ile sauti naijua.

Alhamisi, 8 Juni

Nimeusikiliza mara kumi na nne, mvuke wa pasi usoni. Mteja mmoja ameondoka na suruali ya mwenzake. Nimemkimbilia hadi kituoni.

Yangu? Yake? Asubuhi nina hakika, mchana sina.

Jumamosi, 10 Juni

Tsumugi anajifunza kucheza kama kwenye video, sebuleni, soksi zinateleza. Ghafla akasimamisha picha. Akaniuliza mbona pale juu hatuoni mdomo wa Rinka, mbona mwavuli unashuka palepale. Mimi sikuwa nimeona! Nimemwambia labda ni mtindo tu. Ameniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto.

Jumatatu, 12 Juni

Nimempigia Bwana Nishiwaki. Nimemuuliza sauti ya pale juu ni ya nani. Akasema sauti zilichanganywa Tokyo, yeye alituma faili tu, hajui kilichotokea. Kisha, polepole:

"Bi Sanae, tafadhali usimuulize mtu mwingine. Nina wafanyakazi wanne."

Hakunitisha. Aliniomba. Hilo ndilo limenikosesha raha.

Mimi sidai kitu. Nataka kujua tu — kama ni mimi niliye mle ndani.

Jumapili, 18 Juni

Siku ya mashabiki kushikana mikono na Rinka. Tsumugi alikuwa na tiketi mbili, rafiki yake ana homa, basi nikachukuliwa mimi. Ukumbi wa Osaka, foleni saa moja na nusu, kila mtu sekunde tano. Tsumugi alikariri sentensi yake njia nzima kwenye treni. Kufika mbele akalia tu, akasukumwa kando.

Zamu yangu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, mikono baridi. Nikamwambia, "Pole na kazi."

Vidole vyake vikakaza.

"Sema tena."

"Pole na kazi."

"Ni wewe," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Miezi miwili nimelala na sauti yako ya mfano masikioni. Unapatikana wapi?"

Mlinzi alikuwa ameshanishika bega. Nikajibu huku navutwa: Duka la dobi la Kuwabara, Kobe. Watu wakacheka. Walidhani natangaza biashara.

Tsumugi hakusikia. Kwenye treni amelala begani kwangu. Nimeukodolea macho mkono wangu hadi nyumbani.

Alhamisi, 22 Juni

Simu ya dukani. Sauti ya msichana, inauliza kama tunasafisha makoti ya mvua ya njano. Nikasema tunasafisha. Akasema Jumatatu anaimba kwenye televisheni, moja kwa moja, bila kanda ya kumsaidia, na pale juu hapafiki. Ameniomba tuonane.

Jumamosi, 24 Juni

Niko karaoke, chumba cha kuimbia namba sita, mchana. Nimemwambia Tsumugi naenda kwa daktari wa meno. Rinka ametoka kupokea simu kutoka kampuni inayomsimamia, yuko kwenye korido. Naandika haraka.

Amekuja na kofia na barakoa, ameagiza viazi vya kukaanga na hajala hata kimoja. Tumesikiliza singo mara tatu, vichwa vimekaribiana. Nilidhani yeye anajua. Hajui! Alirekodi mstari ule mara arobaini siku moja, akatoka akitapika, kisha wimbo ukarudi umekamilika. Hakuthubutu kuuliza. Mimi huvuta pumzi kwa kelele kabla ya pale juu, ningejitambua — lakini pumzi imekatwa. Pamebaki safi, hapana mtu.

Akajaribu bila muziki. Sauti nzuri, ya kwake kabisa, ikavunjika nusu njia. Akakaa chini.

"Kama ni yangu, basi niliwahi kuweza, na nitaweza tena," akasema. "Kama ni yako, sijawahi. Dada Sanae, uimbe hapa nisikie. Nitajua."

Nikamuuliza anataka iwe ya nani. Simu ikalia.

Namwona kwenye kioo cha mlango. Anainama, anaomba radhi kwa simu, anainama tena. Miaka ishirini tu — saba zaidi ya Tsumugi.

Naweza kuikosea sauti ile makusudi. Nusu toni chini, kikohozi kidogo, basi. Ataondoka akiamini ni yeye, na pengine Jumatatu itamtoka kweli.

Lakini na mimi nitakuwa nasikia. Na tangu Januari sijaijaribu tena, hata bafuni. Nimeogopa nini — kwamba hata mimi sipafiki?

Amekata simu. Anafuta uso kwa mkono wa koti. Kipaza sauti kiko mezani, nimeshakiwasha.