Ninarudishia Dau la Baba Ili Ashinde

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie kufikiri, kwa sababu kufikiri peke yangu ndiko kulikonifikisha hapa. Mimi ni mtakwimu katika kampuni ya bima, kazi yangu ni kupima uwezekano wa mabaya kabla hayajatokea, kwa hiyo utaelewa aibu ninayoiona kukiri kwamba sijui kama nililomtendea baba yangu ni wema au ni hila, na kwamba tangu Jumamosi iliyopita silali vizuri wala siwezi kumtazama usoni.

Baba ni fundi saa aliyestaafu. Jumamosi, tukishakula chakula cha mchana, hucheza karata katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani tunayemwita Mama Sindano, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa: Mama Sindano mwenyewe, Baba, mimi, wifi yangu, yaani mke wa kaka yangu, na muuza nyama anayeitwa Kilo Moja kwa sababu mizani yake haijawahi kufika hapo. Mchezo wetu ni poka ya Omaha, ambayo kila mchezaji hupewa karata nne, kisha nyingine tano hufunguliwa mezani kwa wote, na mwishoni ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Dau ni dogo, la kununulia soda, na kwa kuwa ni dogo hakuna anayeona haya kufuata. Mtu akipandisha kabla ya karata za mezani kufunguliwa, wengine humfuata hata kwa takataka, wakijipa moyo.

Baba ndiye aliyetufundisha sote, na kanuni yake ilikuwa moja. Usimrudishie mtu dau mapema, yaani usipandishe juu ya aliyepandisha, ila karata zako nne ziwe za koo mbili, mbili za ukoo huu na mbili za ukoo ule, iwe shupaza na kopa au pau na uru, tena ziwe kubwa na zinazokaribiana. "Vinginevyo," alikuwa akituambia, "fuata kimya kama mgeni, au tupa ukanywe maji." Aliishika kanuni hiyo kiasi kwamba alipogusa vibao vyake vya kuwekea dau ili arudishie, hata Kilo Moja alizitupa karata zake akisema, "Mzee keshanena, mimi sipo."

Miezi michache sasa Baba amebadilika. Anarudishia dau karibu kila mkono, yaani kila mgawo wa karata, na wenzetu, ambao si wajinga, wameligundua hilo, wanamfuata wote, wanamla. Mwanzoni nilidhani ni mbinu mpya, kwa sababu anayerudishia kwa karata nzuri tu husomwa na kila mtu, na mchezaji makini hupaswa kuchanganya kidogo. Nilitaka sana kuamini hivyo. Kisha akafunua mkono akitangaza shupaza tano, kumbe moja ya zile mbili za mkononi mwake ni pau, na Kilo Moja akacheka mpaka akakohoa: "Mzee, leo umeoa ukoo mwingine?" Baba naye akacheka, lakini kwa kuchelewa. Baada ya hapo alikosea tena, akahesabu uru miongoni mwa kopa. Nikaanza kumwangalia nje ya meza pia. Ameacha kusoma gazeti, anasema habari zote ni uongo. Ujumbe wa simu ananipa mimi nimsomee. Alimpita jirani yake wa miaka mingi barabarani bila salamu, nami nikajiambia, amemsahau. Nikahitimisha kwamba akili ya baba yangu inaanza kuondoka, na sikumwambia mtu yeyote, hata yeye.

Badala yake nikabuni dawa yangu. Kwenye mchezo wetu anayepandisha haruhusiwi kuzidi kitita kilichopo katikati, lakini dau likisharudishiwa mara moja, kurudishia mara ya pili ni mzigo ambao watu wa soda hawaubebi. Basi kila Baba aliporudishia dau, mimi nilimrudishia yeye mpaka kikomo, kwa karata zozote nilizonazo. Wengine wakatupa, tukabaki wawili, na karata za mezani zilipofunguliwa yeye akaweka dau, mimi nikatupa. Akashinda. Akafurahi. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na mimi nilijiambia kwamba ninalinda furaha hiyo, ingawa nilijua vizuri kwamba sehemu ya ushindi wake ilitoka kwa watu waliodhani wanacheza na watu wawili tofauti.

Jumamosi iliyopita wifi alichoka. Nilipotupa tu, akaweka kiganja juu ya karata zangu.

"Ngoja kwanza, wifi. Umepandisha mpaka juu, umetufukuza sote, halafu unaondoka kwa dau la kwanza? Mkono gani huo?"

"Niliogopa," nikamwambia.

"Uliogopa nini? Huu ni mkono gani, jamani, tuone."

Akazifunua. Zilikuwa karata nne zisizojuana hata kwa sura. Mama Sindano akasema, "Yarabi." Wifi akageuka: "Baba, samahani, lakini nyinyi wawili mnacheza mkono mmoja."

Baba aliinamia zile karata muda mrefu, akazisogeza karibu naye. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana ninashinda." Akainuka, akaacha vibao vyake vyote mezani.

Tangu siku hiyo nikimpigia simu anasema, "Niko salama, mwanangu," na kukata. Wifi anasema atamweleza kaka yangu kwamba nimemfanya mzee kuwa mwizi pasipo kujua. Je, nimwambie Baba ukweli, kwamba nilimhurumia kwa sababu akili yake inapotea? Au nijibebeshe lawama, niseme nilicheza ovyo tu, nimwachie heshima yake? Naogopa jibu la kwanza litamvunja, na la pili litamwacha aendelee kuzama peke yake. Huenda nimekosea kila kitu. Ningependa kuambiwa ni wapi.

Binti wa Fundi Saa

*

Binti wa Fundi Saa,

Pole. Umebeba mzigo huu peke yako kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba kila ulichofanya ulikifanya kwa mapenzi. Sasa nivumilie, kwa sababu mapenzi hayo yametenda mambo mabaya mawili, na huenda yamekuficha la tatu.

La kwanza, umewachezea wenzako. Usilifunike kwa neno "kulinda". Wifi yako alikasirika kwa haki, na kama ana ulimi mkali, huo ndio uliosema kweli chumbani humo kabla yako. La pili, umemhukumu baba yako bila kumsikiliza. Wewe unayefanya kazi ya bima unajua huitwaje kampuni inayokadiria hatari ya mteja, ikaficha makadirio, kisha ikamtoza gharama ambayo hajui kwamba analipa. Baba yako amelipa kwa kuwa mtu wa mwisho kujua.

La tatu nitalisema kwa tahadhari, maana mimi si daktari, na karata sizijui ila kwa barua yako, ambayo nimeisoma mara kadhaa. Umeandika kwamba alikosea shupaza kwa pau. Zote nyeusi. Alikosea uru kwa kopa. Zote nyekundu. Hukuandika hata mara moja kwamba alisahau zamu yake, au dau la nani lilikuwa juu, au sheria ya karata mbili za mkononi. Gazeti ameliacha, ujumbe wa simu anasomewa, jirani alimpita barabarani, na karata zako zilipofunuliwa alizisogeza karibu ili azione. Binti yangu, umenieleza habari za macho, ukaziita habari za akili.

Na hata kule kurudishia dau kila mkono, ambako kulikutisha kuliko yote, kukitazamwa upya kuna maana nyingine. Mtu asiyetofautisha shupaza na pau, wala uru na kopa, karibu kila mkono wenye karata mbili nyeusi na mbili nyekundu utamwonekea kama koo mbili zilizokamilika. Basi huenda baba yako hakuiacha kanuni yake hata siku moja. Huenda ameitii kwa uaminifu, kwa macho yanayomdanganya.

Kwa nini hakusema? Wewe ulimkuta akiwa fundi saa. Mtu aliyeishi kwa kuona kile ambacho wengine hawakioni, utamtaka aanzie wapi kusema kwamba haoni? Nadhani, na naweza kukosea, kwamba tangu Jumamosi hana hasira nawe peke yako. Anaogopa kwamba mmejua.

Kwa hiyo hili ndilo utakalofanya, na usilipeleke wiki nyingine. Nenda kwake mchana, si kwa simu. Usimwambie kwamba akili yake inapotea, kwa sababu hujui, na usijitwike uongo wa kwamba ulicheza ovyo, kwa sababu ameshaona karata. Mwambie ulichofanya, mwombe radhi kwa kumfanya ashinde bila ridhaa yake, kisha umwulize swali ambalo hukuliuliza kwa miezi yote hiyo: "Baba, unaona vizuri?" Halafu nyamaza. Akikufokea, kaa. Akicheka, kaa. Usimmalizie sentensi.

Mpeleke kwa daktari wa macho, na daktari huyohuyo mwambieni, wewe na baba yako mkiwa pamoja, wasiwasi wako kuhusu kumbukumbu. Macho ya uzeeni mara nyingi yana tiba. Lakini sikuahidi kwamba ni macho. Ikiwa mimi nimekosea na wewe ndiye uliyepatia, bado yeye ndiye atakayeambiwa wa kwanza, na ataambiwa na daktari akiwa amekaa kitini mwenyewe, si na watu wanaonong'ona nyuma ya cherehani.

Kwa wenzako nenda wewe, kabla wifi hajafika kwa kaka yako. Waeleze Mama Sindano na Kilo Moja kwamba mzee hakujua lolote. Usieleze habari za macho yake. Hizo ni zake, atazitoa akipenda. Kubali kukaa nje ya meza kwa muda watakaoutaka, na usibishe juu ya muda huo.

Nawe usiniulize jinsi ya kumlinda akirudi mezani. Akirudi, akakurudishia dau, tazama karata zako wewe, siyo uso wake. Ukiwa na mkono mbaya, utupe mapema kama alivyokufundisha. Ukiwa na mkono mzuri, mfuate mpaka mwisho, uzifunue, na umfunge baba yako mbele ya watu wote.