Uji wa Asali Ulioukataa

Baba,

Shikamoo. Usihangaike kuitikia, sikuja kutafuta marahaba yako.

Tangu tukuzike hapa Puge, Stella amehamia nyumbani na wanawe. Wanapanda kwenye kiti chako na miguu yao ya matope, wanaongea michembe ya viazi imejaa mdomoni. Fimbo yako ya kufundishia tuliitia motoni siku ya kumaliza matanga. Ilichemsha chai. Nilifurahi, nisikufiche.

Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza, na neno ulilolipenda kuliko majina yetu lilikuwa "refrain". Tulilisikia mara ya kwanza makaburini, tukimzika mama. Stella alianza kulia. Ukamshika shingo kwa nyuma, ukainama, ukamnong'oneza neno hilo. Hatukulijua. Vidole vyako vilitutafsiria: jizuie.

Baadaye ukaligeuza somo la mezani. Ugali unapoa, sisi tunatunga sentensi. Aliyesahau kuweka "from" baada yake alikula fimbo kwanza. Siku moja Stella, mdogo vile, akatunga kwamba alijizuia kuruka kama ndege. Ukacheka.

"Una mabawa wewe? Mtu hajizuii na asichokiweza. Sharti uweze, na utake, halafu uache."

Ukasogeza sahani yake mbali. Alilala na njaa.

Alipopata mimba akiwa shuleni, ulimwambia ulishamfundisha neno la kumsaidia, kisha ukamtupia nguo zake uani. Akaenda Ipole kwa shangazi, akaolewa na mrina asali. Jina la Stella hukulitaja tena.

Halafu kiharusi kikakulaza. Nikamwita. Alikuja na dumu la asali, akakupikia uji wa mtama, akautia asali, akakupulizia kijiko.

"Baba, kidogo tu. Baba yangu."

Ukafumba mdomo, ukageukia ukutani. Tone moja likabaki mdomoni pako. Stella alipotoka kuchota maji, nilikuona ukililamba. Nikashika kijiko mimi. Ukameza vizuri kabisa, ukataka kingine. Nyayo zake ziliposikika mlangoni, ukafumba tena, ukanitazama kama mwalimu aliyemaliza kufafanua. Nilikuelewa, Baba. Uliweza. Ulitaka. Ukaacha.

Kisha malaria ikaniangusha, nikalazwa Nzega. Ukabaki naye peke yake. Alijaribu uji, akajaribu maziwa, akajaribu maji kwa kitambaa. Ulikufa meno yameumana, na mwanao amepiga magoti na kijiko mkononi. Hata mbwa hulamba mkono unaomlisha. Wewe ulikufa kwa kiu ili tu umfundishe.

Msibani wazee wa kanisa walisema koo lilifunga, kiharusi ndivyo kilivyo. Stella aligaagaa mpaka sauti ikakauka. Mimi sikulia. Walisema nimefanana na wewe, nikatamani kuchubua uso wangu.

Juzi tulikuwa tukipukuchua mahindi uani. Stella akasimamisha mikono, akaniuliza bila kunitazama:

"Dada, hivi Baba hakuweza kumeza kabisa, eh?"

Jibu lilinijaa mdomoni. Lingenipoza, Baba, kwani nalibeba peke yangu na linanichoma. Nikachukua hindi lingine.

"Hakuweza. Koo lilifunga."

Akashusha pumzi. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Afadhali. Mie nilikuwa nadhani hakunitaka."

Akaendelea kupukuchua. Baada ya kitambo akaanza kuwasimulia wanawe jinsi babu yao alivyopenda asali, na jinsi ugonjwa ulivyomnyima. Aliwasimulia kwa huruma sana. Nilikaa pale nikakuchukia kwa kila punje niliyoipukuchua.

Buriani, Baba. Lala na ushindi wako, hakuna atakayeujua. Nakuahidi Stella atazeeka akiamini kwamba ungekula kama ungeweza. Atakupalilia kaburi, atakuita baba mpenzi, atakulilia kwa sauti kubwa mbele za watu. Nawe hutakuwa na la kumfanya.

Ni mimi mwanao,
Rehema