Vocha ya Watu Wawili

Jumatatu, 5 Mei

Nimepanga vocha. Zinazoisha mwezi huu mbele, nyingine nyuma, zote kwenye faili la plastiki pamoja na kadi za chanjo. Kazini wananicheka, eti Mama Kezia hali mgahawani mpaka kuwe na punguzo. Wacheke. Nawaogesha wazee kwenye makao yao kule Rooty Hill siku tano kwa wiki. Mara moja kwa mwezi nakaa kwenye kiti kizuri na mume wangu Deo, naletewa chakula na mtu mwingine. Unanunua sahani moja, ya pili bure. Bila hivyo tungekula nyumbani mpaka kiama.

Za mgahawa wa Wanepali kule Ingleburn zilikuwa nne. Naona tatu. Labda nilihesabu vibaya. Lakini mimi huwa sihesabu vibaya.

Jumatano, 7 Mei

Barua pepe kutoka kwa Wanepali, maana vocha zimesajiliwa kwa jina langu, nikiwa kwenye treni ya asubuhi. "Asante kwa kula nasi jana. Meza ya watu wawili." Wanataka niwape nyota.

Jana nilikula kiporo cha wali, jikoni, nimesimama. Deo alisema yuko overtime, saa za ziada. Ghala analofanyia kazi liko Ingleburn.

Watu wawili. Nimeisoma barua hiyo mpaka nikapitiliza kituo.

Alhamisi, 8 Mei

Sijamuuliza. Nikimuuliza nitampa nafasi ya kutunga. Nimemtazama tu akijiandaa. Amechana nywele. Tangu lini anachana nywele kwenda kubeba maboksi?

Nimepekua koti lake. Risiti ya petroli na peremende. Nimeona aibu, kisha nikapekua na suruali.

Kinachonichoma ni kwamba alichukua vocha yangu. Kama ni mwanamke, basi ameshiba kwa ujanja wangu mimi.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Niliwakagua wanawake, mmoja baada ya mwingine. Wanaofanya kazi Ingleburn ni wawili. Mmoja ni bibi wa wajukuu sita. Mwingine alikuja kunikumbatia, nikamwitikia kwa meno tu.

Nyumbani Kezia aliniona nimenuna. Ana miaka kumi na minne, anajua kila kitu. "Mum, just ask him." Eti nimuulize tu baba yake. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Miaka kumi na sita na Deo. Kama ni kweli, sijui nitaanzia wapi. Nimefungua tena faili. Zimebaki mbili.

Jumanne, 13 Mei

Saa nane mchana, ujumbe wa Deo: "Leo overtime tena, msinisubiri." Nikamwambia msimamizi tumbo linaniuma.

Nimebadilisha treni mara mbili. Njia nzima natunga maneno. Kwanza ningemsalimia huyo mwanamke, kwa heshima zote. Kisha ningemuuliza kama chakula ni kitamu. Halafu ningemwambia nani amemlipia.

Nimefika mgahawani giza limeshaingia; Mei huku jua huzama mapema. Nikasimama kando ya dirisha, pembeni, wasinione. Deo alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake mwanamume. Kichwa cheupe kwa mvi, mabega yameanguka, bakuli la dengu mbele yake. Akainua uso kuomba maji.

Kaka yangu, Evariste.

Ningemkuta mwanamke ningejua la kufanya. Sikuingia. Nimerudi nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Miaka saba sijasema naye. Tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa faili letu la kuja huku, maombi ya familia nzima. Vipimo vikaonyesha Mama ana kifua kikuu. Faili zima lingesimama mpaka apone. Evariste akaomba Mama aondolewe kwenye faili, sisi tutangulie, yeye atafuata. Hakufuata. Mama alizikwa na majirani kambini. Nikaapa Evariste hatakanyaga kwangu, na Deo alinisikia nikiapa.

Leo nimemwambia Deo nilichokiona. Hakukana. Kasema Evariste ameletwa kwenye ghala lao mwezi uliopita. Anakula peke yake ndani ya gari. Warundi wenzetu wote pale wanamkwepa kwa sababu ya maneno yangu. "Ni shemeji yangu. Nimpite tu kama nguzo?"

Nimepiga kelele. Nimemwita msaliti na mwizi wa vocha. Kezia alifunga mlango wa chumba chake. Heri angekuwa na mwanamke, nilisema hivyo. Nilikuwa namaanisha.

Ijumaa, 16 Mei

Deo anapika chai ya mmoja, napika chai ya mmoja.

Jumamosi, 17 Mei

Hili sijawahi kuliandika.

Ile fomu ya kumwondoa Mama, Evariste hakuitia saini peke yake. Watu wazima wote tulitia. Yeye alipomaliza alinipa mimi kalamu. Niliishika. Kezia alikuwa mdogo, nilitaka atoke pale, na niliandika jina langu lote, vizuri, bila kutetemeka. Mama alikuwa nje amekaa kwenye jiwe, anakohoa, anatusubiri tumalize turudi pamoja.

Miaka saba nimemwambia kila mtu ni yeye.

Jumanne, 20 Mei

Baridi asubuhi. Deo alikuwa anafunga viatu. Nimetoa vocha moja ya Wanepali, nikampa mkononi. Inaisha mwezi huu.

Aliigeuza geuza. Akauliza kama nitakuja. Nikasema hapana. Bado siwezi kukaa mbele ya uso ule.

Alipofika mlangoni nikamwita. Mwambie kaka aache kuagiza dengu. Sahani ya bure ni ile ya bei ndogo, kwa hiyo wote wawili waagize mbuzi, la sivyo vocha imetupwa bure. Na amekonda.

Deo kasema atamwambia. Nikavaa koti nikaenda kazini.